Siku ya Shida Unakwenda kwa Nani?

Msibani, kabla maturubai hayajamaliza kufungwa, hutafutwa mtu mwenye mwandiko mzuri, akapewa meza ndogo karibu na mlango na daftari la mistari. Kila anayekuja kutoa pole hutaja jina lake na kiasi alichokuja nacho, na vyote viwili huandikwa: fulani 5,000, mama fulani 10,000, kikoba cha akina mama wa mtaa 50,000, jirani asiye na fedha gunia la mkaa. Siku hizi orodha hiyohiyo hurushwa kwenye kundi la WhatsApp kila jioni, na walioahidi bila kutoa hubaki na nafasi tupu mbele ya majina yao, watu wote wakiona. Matanga yakianuliwa, daftari halitupwi. Familia hulihifadhi pamoja na hati za kiwanja na vyeti vya kuzaliwa, kwa kuwa ndilo litakalosema miaka ijayo nani alikuja na alikuja na nini, siku msiba utakapohamia kwake.

Anayetaka kuelewa tofauti kati ya jamii zinazomtanguliza mtu binafsi na zile zinazotanguliza ukoo na ujirani ataelewa mengi zaidi kwa kuanzia hapo kuliko kwa kuanzia kwenye hotuba tulizozizoea kuhusu upendo wa Mwafrika na ubinafsi wa Mzungu. Hotuba hizo zinatupendeza kwa sababu zinatusifu, lakini hazielezi kitu. Tofauti kubwa kati ya jamii hizi haimo katika mioyo ya watu. Imo katika jibu la swali moja: mtu akiugua, akizeeka, akifiwa au akikosa mavuno, nani anagharamia? Palipo na pensheni, bima na mahakama zinazofanya kazi, mtu anaweza kuishi kana kwamba hamhitaji shangazi yake. Pasipo na hivyo, shangazi ndiye pensheni, binamu ndiye bima, na kikao cha ukoo ndicho mahakama. Maadili tunayoyaona juu, ya kujitegemea kule na ya kutegemeana huku, kwa sehemu kubwa yameota juu ya mpangilio huo.

Aliyezipa tamaduni hizi namba ni Geert Hofstede, msomi wa Uholanzi aliyefanya kazi katika kampuni ya kompyuta ya IBM. Kati ya mwaka 1967 na 1973 wafanyakazi wa kampuni hiyo katika nchi nyingi waliulizwa maswali kuhusu kazi zao, wakubwa zao na muda wao wenyewe. Hojaji zaidi ya 100,000 zikakusanywa, na mwaka 1980 Hofstede akatoa kitabu kilichogeuka msahafu wa vyuo vya biashara. Katika orodha iliyokuja kuenea, Marekani ilipata alama 91 za kumtanguliza mtu binafsi, Uingereza 89, Guatemala 6. Kenya, Tanzania, Ethiopia na Zambia ziliwekwa fungu moja lililoitwa Afrika Mashariki, likapewa 27. Ni rahisi kuona kasoro: karani wa kampuni ya kompyuta jijini Nairobi miaka ya 1970 hawezi kumsemea mkulima wa pamba wa Shinyanga, na Mwanza na Addis Ababa haziwezi kugawana alama moja. Mwaka 2002 Daphna Oyserman na wenzake walipopanga pamoja tafiti nyingi za aina hii, waligundua kwamba Wamarekani weupe hawakuwa nyuma ya Wajapani wala Wakorea katika kuthamini kundi, kinyume na kila kilichokuwa kikifundishwa darasani. Lakini kuna jambo moja katika kazi ya Hofstede ambalo wanaomnukuu hulipita haraka, nalo ndilo lenye uzito. Aliona kwamba alama za mtu binafsi hupanda pamoja na utajiri wa nchi, na yeye mwenyewe aliamini kwamba utajiri ndio hutangulia, kisha watu huanza kujihesabu mmojammoja.

Historia ya Uingereza inaonyesha jinsi hilo linavyotokea, na linavyochukua muda. Tunadhani Mwingereza alizaliwa hana habari na mzazi wake. Sheria ya Maskini ya mwaka 1601, enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, iliwataka wazazi, mababu na watoto wenye uwezo kutunza ndugu zao wasiojiweza, na asiyetii aliadhibiwa. Wajibu huo ulidumu kwa karibu karne tatu na nusu. Ulianza kulegea serikali ilipoanza kuubeba yenyewe: Januari 1909 wazee wa miaka 70 na kuendelea, wenye kipato kidogo, walianza kupokea pensheni ya shilingi tano kwa wiki bila kuchangia chochote kabla. Baada ya vita ya pili ya dunia ikaja huduma ya afya ya taifa, na mwaka huohuo wa 1948 sheria nyingine ikafuta kabisa wajibu wa watoto kuwalisha wazazi wao. Kilichofutwa ni deni la kisheria, kwa sababu mlipaji mwingine alikuwa amepatikana. Kizazi kilichozaliwa baada ya hapo ndicho tunachokitazama leo na kusema, Wazungu ndivyo walivyo.

Upande wa pili nao hausimami juu ya upendo mtupu. Singapore, nchi inayojivunia heshima ya Kichina kwa wazazi, ilitunga sheria mwaka 1995 inayompa mzee wa miaka 60 na zaidi haki ya kumshtaki mwanawe mbele ya baraza maalumu ili alipwe matunzo. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa Nairobi mwaka 1981, haukuishia kwenye haki kama mikataba ya Ulaya. Uliandika pia wajibu wa mtu kwa familia yake, ukiwamo wa kuwaheshimu wazazi wakati wote na kuwatunza wakiwa na shida. Kama jambo lingekuwa linakuja lenyewe damuni, kusingekuwa na haja ya kuliandikia ibara.

Ushahidi ninaouthamini kuliko wote ulitoka kwetu. Miaka ya 1990 kuelekea 2000, kundi la wanaanthropolojia na wanauchumi wakiongozwa na Joseph Henrich lilikwenda katika jamii ndogo 15 duniani na mchezo rahisi wa fedha halisi. Mtu mmoja anapewa fedha na kuambiwa amgawie mwingine asiyemjua. Yule wa pili akikubali mgawo, kila mmoja anachukua chake, akikataa, wote wanakosa. Nani atatoa kidogo? Ungedhani ni mwanafunzi wa chuo kikuu cha Marekani. Wanafunzi wa nchi tajiri kwa kawaida hutoa kati ya asilimia 40 na 50. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, watu wanaogawana nyama ya mawindo kila siku, walitoa kidogo zaidi kuliko hapo, na migawo mingi ikakataliwa. Katika jamii zote 15, wale waliozoea soko na kufanya kazi pamoja na watu wasio wa nyumba zao ndio waliokaribia nusu kwa nusu. Matokeo hayo hayamfanyi Mhadzabe kuwa mchoyo. Kambini anagawa nyama mbele ya watu wanaomjua, watakaomdai leo na atakaowadai kesho. Katika mchezo aliwekwa mbele ya mtu asiye na jina, na jina hilo halikuandikwa popote.

Watafiti haohao walipokwenda kwa Waorma, wafugaji wa Mto Tana nchini Kenya, walileta mchezo mwingine: kila mtu aweke anachotaka katika chungu cha pamoja, fedha ziongezwe maradufu, kisha wagawane sawa hata kwa asiyeweka kitu. Waorma waliutazama mara moja tu wakautambua. Wakauita mchezo wa harambee, kwa sababu ulifanana na michango waliyozoea kutoa shule au barabara inapotakiwa kujengwa, na wakachanga kwa wastani zaidi ya nusu ya walichopewa. Robo yao waliweka kila kitu. Jambo hilo linafaa kufikiriwa kwa makini: ukarimu ulikuja palipokuwa na desturi inayojulikana, ambayo watu wameiona ikijenga madarasa waliyosomea watoto wao. Kinachowaunganisha watu ni taratibu walizozijaribu na kuziamini, na utaratibu ukikosekana hata jamii inayosifiwa kwa umoja hurudi kila mtu na lwake.

Hapo ndipo naona pia sehemu ya maelezo ya yaliyoyapata mashamba ya ujamaa. Mwalimu Nyerere aliandika mwaka 1962 kwamba ujamaa ni kuipanua familia ya Kiafrika hadi iwe taifa zima, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 vijiji vikaanzishwa kwa hiari, kisha katika miaka ya 1970 kwa kulazimishwa. Sababu za kushindwa ni nyingi, ukame wa 1973 na 1974 ukiwa mojawapo, na mabavu ya maofisa yakiwa kubwa zaidi. Lakini mkulima aliyekwenda shamba la kijiji kwa shingo upande, akalipalilia nusunusu na kukimbilia shamba lake, ndiye huyohuyo aliyeuza mbuzi wake kumzika jirani bila kuamrishwa na mtu. Hakuwa na sura mbili. Kwa jirani alijua hesabu inavyokwenda na nani ataikumbuka. Katika shamba la kijiji hakujua jasho lake linaandikwa wapi. Familia haikuweza kupanuliwa kuwa taifa kwa sababu nguvu yake ilitokana na udogo wake, wa watu kujuana mpaka babu wa babu.

Kila bima ina ada yake, na ada ya bima ya ukoo huwa hatuitaji kwa sauti. Wanauchumi Pamela Jakiela na Owen Ozier walifanya jaribio vijijini magharibi mwa Kenya, wakawapa watu fedha kidogo na nafasi ya kuziwekeza. Wengine mapato yao yalibaki siri, wengine yalitangazwa hadharani. Wanawake ambao mapato yao yangejulikana, hasa wenye jamaa waliohudhuria, waliwekeza kidogo ili isigundulike walikuwa wamepewa kiasi gani, ingawa kuwekeza kungewaletea zaidi. Baadhi ya washiriki walikuwa tayari kulipa ili tu kiasi chao kisitangazwe. Kwa wanaume watafiti hawakuona jambo hilo. Huko Cameroon, utafiti katika vyama vya kuweka na kukopa ulikuta wanachama wanaokopa kwa riba huku wana akiba inayotosha mahitaji yao, kwa kuwa mwenye deni anaweza kumwambia ndugu anayebisha hodi kwamba naye amebanwa. Mtu anakubali kulipa riba ili aonekane maskini. Kila anayemiliki kibanda cha wakala au genge la mboga katika miji yetu anaujua mtego huu, na mara nyingi anayenaswa ni mwanamke, kwa sababu yeye ndiye asiyeweza kusema hapana bila kuitwa majina.

Ada nyingine ni kwamba mtu hana ruhusa ya kujitoa. Wakili Silvano Melea Otieno alifariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986. Alikuwa Mjaluo, msomi, mkazi wa mjini, na mkewe Wambui, Mkikuyu, alieleza kwamba mumewe alitaka kuzikwa Upper Matasia, karibu na Ngong, kwenye ardhi yao. Ukoo wa Umira Kager ulisema Mjaluo huzikwa kwao. Mwili ulikaa mochwari miezi mitano wakati kesi ikipanda ngazi, Kenya nzima ikiifuatilia kwenye magazeti, hadi Mei 1987 Mahakama ya Rufani ilipoamua kwamba ukoo una haki. Tarehe 23 Mei akazikwa Nyalgunga, Siaya, na mjane hakuhudhuria. Wengi waliiona kesi ile kuwa ugomvi wa mila na usasa, au wa makabila mawili. Naiona pia kama kesi ya uanachama. Ukoo usingeweza kukubali kwamba mtu anaweza kujiondoa kwa uamuzi wake mwenyewe, hata akiwa maiti, kwa kuwa bima ambayo wenye nacho wanaweza kuikimbia itabaki na wasio nacho peke yao. Ukoo ulikuwa na mantiki. Wambui naye alikuwa na haki, na aliyelipa ni yeye.

Msomaji anaweza kunipinga hapa kwamba nimeugeuza undugu kuwa kitabu cha mahesabu, wakati mama anayelea yatima wa dada yake hapigi hesabu yoyote. Pingamizi hilo ni la haki na silibezi. Upendo wa mama huyo ni wa kweli, na upo London kama ulivyo Lindi. Ninachosema ni kwamba upendo pekee hauwezi kueleza kwa nini Lindi yatima huenda kwa mama mdogo na London kesi yake huanzia kwa ofisa wa ustawi wa jamii. Upendo huchagua wa kumpenda. Utaratibu hauchagui, na ndiyo maana hata shemeji asiyependwa na mtu huchangiwa jeneza.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Ikiwa utajiri na pensheni ndivyo vinavyomfanya mtu ajihesabu peke yake, mbona Japani na Korea Kusini zimetajirika na bado kundi lina nguvu? Thomas Talhelm na wenzake walijaribu kulijibu swali la namna hiyo ndani ya China. Mwaka 2014 walichapisha utafiti uliofanywa kwa wanafunzi 1,162 wa kabila la Wahan. Waliotoka kusini kunakolimwa mpunga walifikiri zaidi kwa kuhusianisha watu na mambo kuliko waliotoka kaskazini kwenye ngano. Mpunga unataka mifereji ya pamoja na mikono ya majirani msimu wa kupandikiza. Ngano mtu anaweza kuilima na nyumba yake. Wanafunzi wale hawakuwa wakulima, lakini tabia ya shamba la mababu ilikuwa imewafuata chuoni. Nakubali basi kwamba desturi huishi muda mrefu baada ya sababu yake kuondoka, na ndiyo maana mfanyakazi wa Dodoma mwenye kadi ya bima na makato ya pensheni bado hakosi kikao cha ukoo. Lakini hata hilo linarudi pale pale: desturi yenyewe ilizaliwa na kazi iliyohitaji kufanywa pamoja.

Wapo pia wanaosema jamii zinazomtanguliza mtu binafsi zimelipa kwa upweke. Ni kweli kwamba Uingereza ilimteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2018. Mwaka 2021 Japani nayo ikamteua wa kwake, kwa hiyo ugonjwa huo hauwachagui wanaojitanguliza tu. Na hofu kubwa inayojificha nyuma ya hoja hii, kwamba serikali ikianza kumlipa mzee basi watoto watamtupa, haithibitiki. Tafiti za Ulaya zinaonyesha kwamba katika nchi za kaskazini zenye huduma nyingi za umma, watoto wengi zaidi huwasaidia wazazi wao kwa kazi ndogondogo kuliko kusini. Kinachopungua ni uuguzi mzito wa kila siku uliokuwa unamwangukia binti mmoja. Karibu zaidi na sisi, Esther Duflo, aliyekuja kupata tuzo ya Nobel mwaka 2019, alichunguza takwimu za Afrika Kusini za mwaka 1993, baada ya pensheni ya serikali kuwafikia wazee weusi kwa ukamilifu. Wasichana wadogo waliokuwa wakiishi na bibi anayepokea pensheni walikuwa na afya bora zaidi kuliko wenzao. Bibi alipopata fedha hakuuacha ukoo. Alinunua chakula cha wajukuu. Fedha ya umma ilipita mikononi mwa undugu na kuutia nguvu.

Hapo ndipo tulipofika na ndipo tunapojikwaa. Ukoo wetu unadaiwa kazi ambayo haujawahi kupewa: ada za vyuo, dialisisi, upasuaji wa mamilioni, kodi za nyumba mijini, na wazee wanaoishi miaka mingi kuliko wazazi wao walivyoishi. Wanaobeba ni wachache wenye mshahara, na binti aliye dukani anayeficha mauzo yake. Kisha viongozi hupanda jukwaani kuusifu utamaduni wetu wa kusaidiana, kana kwamba sifa ni mchango. Kusifu undugu huku ukiuachia mzigo wote ni njia ya kuuua, kwa sababu ndugu anayeogopa simu ya ndugu yake ameshaanza kuwa mgeni.

Zanzibar ilianza kuwalipa wazee wote wa miaka 70 na zaidi mwezi Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi. Kenya ikafuata mwaka 2018 kwa wazee wa umri huohuo, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kupitia mpango wa Inua Jamii. Viwango ni vidogo na malipo huchelewa, lakini mlango umefunguliwa. Tanzania Bara haina pensheni ya wazee wote. Mzee aliyelima korosho Newala au pamba Maswa maisha yake yote, akakatwa ushuru kila msimu, hakuwahi kuwa mwajiriwa wa mtu na kwa hiyo hayumo katika mfuko wowote; pensheni yake ni simu ya mwanawe. Waheshimiwa wabunge wanaochangia misiba ya majimboni mwao kila wiki wanaijua hali hii kuliko mtu yeyote. Wailete bungeni hoja ya pensheni ya wazee wa Bara, na waanze na wa miaka 70.